Sindano ya Saa Nne na Nusu

Binti yangu alizaliwa siku ya Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, katika hospitali moja ya kusini mwa London, na hadi Ijumaa mchana hakuna mtu aliyekuwa na neno nami. Nazitaja saa hizo kwa sababu baadaye niliulizwa mara nyingi, na watu wengi, hadi zikanikaa kichwani kama namba ya simu ya nyumbani.

Tulikuwa tunakaa Thornton Heath, mimi na mume wangu, juu ya saluni ya nywele. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja London kwa ndoa, nikiwa na miaka ishirini na sita. Yeye asili yake Unguja, lakini aliletwa huku akiwa mtoto wa miaka tisa na kulelewa na dada yake mkubwa kule Peckham. Alikuwa fundi wa mabasi, mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani: nawaogesha, nawalisha, nawapa dawa, naandika nilichofanya, natoka kwenda kwa mwingine. Mgonjwa wangu wa mwisho kabla ya likizo ya uzazi alikuwa mzee mwenye saratani ya mifupa. Nilikuwa namnywesha mofini ya maji kwa bomba dogo la plastiki, kidogo kidogo, kama unavyomnywesha kifaranga.

Asubuhi ile uchungu ulinishika tangu alfajiri. Saa tatu tulikuwa hospitali. Wajawazito walikuwa wengi kuliko vitanda, nikawekwa katika chumba kidogo cha kupimia, kitanda kimegusa kuta zote mbili, na mume wangu akaambiwa asubiri kwenye korido kwa kuwa hapana pa kusimama. Hilo wakati ule halikunishughulisha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naujua.

Akaingia mkunga, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Akaniuliza kama nataka kitu cha kutuliza maumivu. Nikasema ndiyo. Akataja jina la dawa. Sikulisikia vizuri, nikasema ndiyo tena. Angetaja sumu ya panya ningesema ndiyo. Akatoka, akarudi na mwenzake, wakasimama mlangoni wakasomeana kitu kwa sauti ya chini, kisha yeye akanisogelea na kunichoma paja la kushoto. Niliangalia saa ya ukutani juu ya kichwa chake kwa sababu nilitaka kujua nitavumilia dakika ngapi zaidi. Ilikuwa saa nne na nusu.

Baada ya hapo mambo yalinilainikia. Nilipelekwa juu kwa kitanda cha magurudumu, chumba kingine, mkunga mwingine, mdogo, mchangamfu, akanipa bomba la gesi nivute. Mume wangu akaruhusiwa kuingia. Nilivuta, nikapiga kelele, nikavuta tena, na mchana ule mtoto akaja.

Alikuwa msichana, kilo tatu kasoro kidogo, na usingizi mwingi. Hakutaka kunyonya. Nilimgusa shavu, nikamfinya unyayo kama alivyonifundisha mama kwa simu, akafumbua jicho moja na kulifumba. Kesho yake asubuhi mikono ikaanza kumtetemeka. Halafu kidevu. Kilio chake kikawa chembamba, cha juu, kama mlango unaohitaji mafuta.

Daktari wa watoto alikuja, kijana mwenye mikono mizuri ya moto. Akamtoboa kisigino, akasema sukari imeshuka, akaagiza apewe maziwa ya chupa papo hapo. Kisha akambandika kifuko kidogo cha plastiki ndani ya nepi ili kukinga mkojo. Nilidhani wanatafuta maambukizi. Sikuuliza. Kwetu daktari akimshika mwanao, wewe unashukuru na kukaa kimya. Nikamshukuru.

Jioni, kama saa kumi hivi, daktari yule akarudi na muuguzi mkubwa wa wodi. Muuguzi alivuta pazia kuzunguka kitanda. Mtu akivuta pazia kabla ya kusema, jiandae.

"Tumepima mkojo wa mtoto," daktari akasema. "Umeonyesha dawa."

"Dawa gani?"

"Za jamii ya afyuni. Mofini, heroini, vitu vya namna hiyo." Alikuwa ananitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Je, uliwahi kutumia kitu chochote wakati wa ujauzito? Hatuko hapa kukuhukumu."

Neno heroini halikuhitaji tafsiri. Tanga tunaita unga, Unguja wanaita unga. Nimekua nikiwaona wala unga wakisinzia huku wamesimama, magoti yamekunjwa nusu, hawaanguki wala hawainuki.

Nikawaambia nilichomwa sindano chini, kabla ya kupandishwa. Muuguzi akaenda kwenye kompyuta. Nilimsikia akibonyeza. Akarudi.

"Hapa imeandikwa gesi tu."

"Nilichomwa. Pajani."

"Na nani?"

Nikafumba macho kumtafuta. Nikaiona miwani inayoning'inia. Uso sikuuona. "Mkunga," nikasema. "Mwanamke."

Wakatazamana. Nikafanya jambo ambalo wakati ule nililiona la busara: nilipandisha gauni la hospitali, nikawaonyesha paja. Palikuwa na alama nyekundu, kitone, na wekundu unaogeuka zambarau pembeni. Muuguzi akainama, akaitazama, akainuka, na nikaona usoni mwake kwamba nimejimaliza. Walikuwa wanatafuta mtu anayejidunga, nami nimewaonyesha tundu.

"Unafanya kazi gani?" daktari akauliza.

Nikajibu ukweli, hadi ya yule mzee na mofini yake. Kiingereza changu, ambacho kazini hakikuwa na shida, kilinitoka kikiwa kimevunjika vipande, kama cha mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi.

Waliomba na mimi nitoe mkojo. Muuguzi akasema ni hiari yangu. Nikaona hapo ndipo nitakapojitakasa. Nikaenda chooni na kikombe, nikakileta kimejaa, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Baada ya muda mfupi akarudi kuniambia kwamba na wangu umeonyesha vilevile.

Toka hapo pazia langu halikufungwa tena. "Naomba uliache wazi," muuguzi akasema. "Kwa usalama wa mtoto." Wanawake wengine wodini walikuwa wanafunga na kufungua yao wanavyotaka. Langu lilikusanywa pembeni, likafungwa kwa kamba yake.

Kisha ikaja karatasi. Ilitundikwa kwenye kitanda cha mtoto, ina visanduku: kutetemeka, kulia, miayo, chafya, jasho, kutapika. Kila baada ya saa kadhaa muuguzi alikuja kusimama pale, anamtazama mwanangu, anatia namba. Nilipouliza ni ya nini, aliniambia ni ya kupima kama mtoto ana dalili za kukatiwa dawa aliyoizoea tumboni.

Mtoto yeyote mchanga hupiga chafya. Nilikuwa sijui hilo, au nilikuwa nalijua na nimelisahau. Wangu alipiga chafya tatu mfululizo baada ya kila kunyonya. Kwetu mtoto akipiga chafya unamwombea dua na kucheka. Mimi nilianza kumkumbatia kifuani haraka ili sauti isifike mbali. Akipiga mwayo nilimgeuzia ukutani. Na nilipokuwa namgeuza nilijua kwamba anayeniangalia kutoka kwenye meza ya wauguzi anaona mwanamke anayeficha kitu.

Mume wangu alikuja kutoka kazini, mafuta ya gari bado kwenye kucha. Nilimsimulia yote. Alisikiliza amesimama. Akaisoma ile karatasi kisanduku kwa kisanduku.

"Wanamwangalia kama ana arosto?" akauliza.

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Lakini nilijua amelitoa wapi. Walizaliwa watatu: dada yao mkubwa, kaka wa kati, na yeye. Huyo kaka alikuwa mla unga. Alifia katika chumba cha nyuma cha nyumba ya dada yao, Peckham, na aliyemkuta ni mume wangu, akiwa na miaka kumi na saba, ametoka shule. Nililijua hilo kwa kuambiwa na watu. Yeye mwenyewe hakuwahi kunisimulia.

Akakaa. Akamtazama mtoto muda mrefu bila kumgusa.

"Niambie ukweli tu, mke wangu," akasema. "Sitakasirika. Kama kuna kitu, tuseme sasa."

"Kitu gani?"

"Yule mzee wako. Dawa zake."

"Nimekwambia nilichomwa sindano. Wewe ulikuwa nje."

"Nilikuwa nje," akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Saa ya wageni ilipoisha aliniachia mfuko wa nguo za mtoto, akaondoka bila kunishika bega, jambo ambalo alikuwa akilifanya hata anapokwenda dukani.

Jumamosi akaja mtu wa ustawi wa jamii. Waswahili wa London tunawaita soshal, na tunalitaja neno hilo kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Kila mmoja wetu ana hadithi ya fulani aliyechukuliwa watoto. Nilikuwa nazisikiliza hadithi hizo kwenye harusi nikijiambia kwamba lazima kulikuwa na kitu, hawawezi kuja bure.

Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, sweta la kijani, sauti laini. Aliniuliza kuhusu ndoa yangu, marafiki, usingizi, deni, kama mume hunipiga, kama nilifurahi niliposhika mimba. Aliandika kila kitu. Nilipokunywa maji alitazama mkono wangu ulioshika bilauri. Akauliza kuhusu alama ya pajani, akaomba kuiona, nikamwonyesha, akaandika tena, na nadhani alichora.

Mwishoni akafunika kalamu yake. "Jumatatu kutakuwa na kikao," akasema. "Mpaka hapo mtoto haondoki hospitali. Na ni lazima nikuulize jambo moja, ni swali la kawaida tu. Ikitokea kwamba mtoto hawezi kuondoka pamoja nawe, yupo ndugu anayeweza kukaa naye?"

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkono wangu. Nilimwangalia yule msichana midomo yake, nikidhani labda sijaelewa Kiingereza.

"Kwa nini asiweze kuondoka nami?"

"Ni swali la kawaida," akarudia.

Nikamtaja dada wa mume wangu. Sikuwa na mwingine. Nilipomtaja nilihisi kama nimetia saini mahali.

Huyo wifi yangu, kusema kweli, nilikuwa namwogopa. Alikuja London zamani sana, mwanamke wa peke yake na wadogo zake wawili, baada ya mambo ya nyumbani kuwaharibikia. Alikuwa ameajiriwa miaka mingi katika ofisi ya nyumba za serikali ya mtaa, akipokea malalamiko ya watu. Alivaa buibui safi iliyopigwa pasi na alisema maneno kama anayeyahesabu. Siku niliyofika London aliniangalia mikono, akauliza kama najua kupika. Nilidhani akisikia haya atamwambia ndugu yake aniache.

Alikuja Jumapili mchana, chupa ya uji wa pilipili manga kwapani. Mume wangu alikuwa amekaa mguuni pa kitanda.

"Wewe mwanamume, toka nje kidogo," akamwambia.

Akatoka. Wifi akaweka chupa chini, akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye dirisha. Akanitazama mboni za macho, moja, kisha nyingine. Akanipandisha mikono ya gauni, akapitisha kidole gumba ndani ya viwiko vyangu. Nilimwacha. Sikuwa tena na nguvu ya kuona aibu.

"Haya, sema," akasema.

"Nilichomwa sindano chini, wifi. Kabla ya kupanda juu. Hawaioni kwenye kompyuta."

"Nini zaidi?"

"Hakuna zaidi."

Akaketi. "Mimi nimemuuguza mla unga miaka sita," akasema. "Nimemfulia, nimemtafuta vichochoroni, nimemfungulia mlango na nimemfungia. Mla unga akidanganya ana maelezo mengi. Ana maelezo ya kila kitu. Wewe huna hata moja. Hujala unga wewe, mwanangu."

Nililia hapo kwa mara ya kwanza toka nijifungue. Yeye hakunibembeleza. Alifungua chupa, akanimiminia uji kwenye kikombe, akaniambia ninywe wakati wa moto, maziwa yashuke.

Kati ya kunywa na kulia nikawa namweleza kazi yangu, kwa sababu ndiyo iliyonichongea. Nikamwambia jinsi mofini ya yule mzee ilivyokaa kwenye kisanduku chenye kufuli. Nikamwambia dawa za namna ile hazitolewi hivi hivi. Kila dozi inaandikwa kwenye daftari lake peke yake, na hospitalini ni lazima wawe wawili, mmoja anatoa na mmoja anashuhudia, wote wanatia saini.

Nikaweka kikombe chini.

"Nini?" wifi akauliza.

"Walikuwa wawili. Walisimama mlangoni, wakasomeana."

Akanitazama. "Basi mahali fulani umeandikwa," akasema, na akasimama.

Tulikwenda wote hadi kwenye meza ya wauguzi, mimi nikiburuza miguu kwa sababu ya nyuzi, yeye amembeba mtoto. Nikamwomba muuguzi wa zamu wakaangalie daftari la dawa zinazofungiwa la chumba cha chini, siku ya Alhamisi, kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi. Akasema chumba kile kiko chini ya idara nyingine, na mwenye mamlaka ya kufungua kumbukumbu hayupo hadi kesho.

"Kikao ni kesho," nikasema.

"Nitawaachia ujumbe."

Wifi akasogea mbele. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisi, kilichonyooka. "Naomba uandike kwenye faili lake kwamba ameuliza," akasema. "Andika na saa aliyouliza. Halafu nisomee ulichoandika."

Muuguzi akaandika. Akasoma. Wifi akamsahihisha neno moja.

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha korido, anatuona. Dada yake alipompita alisimama mbele yake, akamwambia kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti: "Yule aliyekufa ni ndugu yangu pia. Lakini huyu siye yeye." Akaendelea kutembea.

Jumatatu saa nne tulipelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Meza ya duara, viti sita, jagi la maji. Boksi la tishu lilikuwa limewekwa mbele ya kiti kimoja tu, na nikajua kabla ya kuambiwa kwamba hicho ndicho changu. Mtoto aliachwa wodini na muuguzi. Waliniambia ni vizuri zaidi hivyo. Kila hatua ya kuja kwenye chumba kile niliihisi kwenye maziwa, yamejaa, yanachuruzika.

Walikuwapo daktari, yule wa ustawi wa jamii, mkubwa wake, na mwanamke wa kuandika. Mkubwa wake alisoma mpango kutoka kwenye karatasi. Mtoto angekaa kwa shangazi yake Peckham wakati uchunguzi ukiendelea. Mimi ningeruhusiwa kumtembelea na kumnyonyesha, pindi mikojo yangu ikionyesha ni safi, na mtu awepo chumbani. Alisoma kwa utulivu, na kila sentensi ilikuwa na sababu yake. Nilikuwa napatafuta mahali pa kuishika hoja ile niivunje, nikakosa. Hata mimi, ningekuwa upande wa pili wa meza, ningeiamini.

"Je, mnakubaliana na mpango huu?" akauliza.

Mume wangu alikuwa kulia kwangu. "Daftari," akasema. "Mke wangu aliuliza kuhusu daftari. Imeandikwa kwenye faili kwamba aliuliza. Nani ameliangalia?"

Wakapekua karatasi zao. Yule wa ustawi wa jamii akalipata lile andiko la Jumapili, pamoja na saa yake. Daktari akasema samahani, akatoka.

Tulingoja. Mwanamke wa kuandika alikuwa amesimamisha kalamu hewani.

Daktari aliporudi alikuwa na mkunga mkuu, mwanamke mwenye mvi, amekumbatia daftari kubwa la jalada gumu. Aliliweka mezani, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole. Lilikuwa jina langu. Alhamisi. Saa nne na nusu. Jina la dawa, daimofini. Kipimo chake. Saini mbili.

Aliniambia pia kwamba wameitafuta karatasi ya chumba cha chini na kuipata kwenye faili la mama mwingine, mwenye jina la ukoo linalokaribiana na langu, ambaye alikuwa ameshakwenda kwake Ijumaa na mwanawe. Kompyuta ya juu haikuwahi kuambiwa.

"Kwa hiyo kipimo kilikosea?" mume wangu akauliza.

"Hapana," daktari akasema, na akakwama kidogo. "Kipimo kilikuwa sahihi. Daimofini ni heroini, kwa jina la hospitali. Ni dawa nzuri ya uchungu, imetumika hapa miaka mingi. Ndiyo iliyoonekana kwa mtoto na kwa mama." Akageukia kwangu. "Kutetemeka kulikuwa kwa sukari tu. Sukari imekaa sawa tangu Jumamosi."

Nilikaa na jambo hilo. Walinichoma heroini, nikawashukuru, kisha wakaitafuta mwilini mwangu na kuiona.

Mkubwa wa ustawi wa jamii alikusanya karatasi zake. "Tunasikitika kwa usumbufu," akasema.

Kwa Kiswahili usumbufu ni jirani anayepiga muziki. Nilinyanyuka kabla hajamaliza, nikatembea hadi wodini, nikamchukua mtoto mikononi mwa muuguzi bila kuomba. Ile karatasi ya visanduku bado ilikuwa imetundikwa. Niliitungua, nikaikunja, nikaiweka kwenye mfuko wa nepi. Hakuna aliyenizuia.

Nyumbani, nilipofungua kabati kutafuta kanga, nilikuta zimekunjwa kwa utaratibu usio wangu. Mimi hukunja mara tatu. Zilikuwa zimekunjwa mara mbili. Nikaangalia droo, vitambaa vyangu vya kichwa, mkoba wa kazi, boksi la pedi. Kila kitu kilikuwa mahali pake na kila kitu kilikuwa kimeguswa. Mume wangu alisimama mlangoni.

"Nilipekua," akasema. "Ijumaa, nilipotoka kwako. Hata sanduku la mahari yako."

"Ulitafuta nini?"

"Karatasi ya alumini ya kuchomea unga, kijiko. Vitu alivyokuwa akivificha kaka." Alikuwa analia bila sauti, amesimama wima, kama mtu aliyeambiwa asisogee. "Sikukuta kitu, na bado sikuamini. Nisamehe."

Nilimwambia amshike mtoto. Ndilo jambo pekee nililoweza kusema. Alimshika, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu Ijumaa ile alikuwa hajamshika. Msamaha ulikuja baadaye, kwa awamu, na sijui kama umekwisha kuja wote.

Barua ilifika baada ya wiki chache. Hakuna hatua zaidi, ilisema. Aya ya mwisho ilisema kumbukumbu za shauri zitahifadhiwa kwa mujibu wa utaratibu. Nilipiga simu nikauliza: mnahifadhi nini, na mimi nimeonekana sina kosa? Mwanamume aliyepokea alinieleza kwa adabu kwamba wanachohifadhi ni habari ya kwamba palikuwa na shauri. Nikauliza hadi lini. Akasema miaka mingi, na akanitakia siku njema.

Baada ya hapo nilianza kuwa mama wa namna fulani. Mtoto akipata mchubuko kwenye bustani, nilipiga picha mahali alipoangukia. Chanjo sikuchelewesha hata kwa siku moja. Muuguzi wa kutembelea nyumba akitaka kuja, nilisafisha hadi nyuma ya friji, kisha nikaogopa kwamba usafi umezidi. Wifi alinikuta siku moja napiga deki ngazi ya nje, akanipokonya tambara. "Wamekwenda," akasema. Akakaa nami pale hadi ngazi ikakauka.

Binti yangu sasa ana miaka minne. Anaelewa kila ninachomwambia na kunijibu kwa Kiingereza, na baba yake ndiye anayemsuka.

Mwezi uliopita nilikwenda kuandikishwa kliniki kwa mimba ya pili. Mume wangu aliomba ruhusa kazini ili twende wote. Mkunga alikuwa mchangamfu, ana picha za watoto ukutani, ananiuliza na kuandika: tarehe, kundi la damu, maradhi ya familia, uzazi uliopita ulikuwaje. Halafu akauliza, kwa sauti ileile: "Umewahi kuwa na shauri lolote na ustawi wa jamii?"

Nikasema ndiyo.

Akaacha kuandika. Akaigeuza skrini kidogo, ikawa upande wake peke yake, akasoma. Mume wangu akaanza kumweleza, taratibu, toka mwanzo, sindano, daftari, saini mbili. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi vile mbele ya mgeni. Mkunga alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema ni jambo la kusikitisha sana.

"Nitaandika tu kwamba lilifungwa," akasema.

Akaandika. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Aliandika mistari mitatu, akasimama, akatufikiria kidogo, akaongeza mwingine.